UZI: Usiku wa kwanza ndani ya boti, Delta ya Rufiji. Twende na bamvua au maji mafu?

#1 Kasia la Kibada
Wakuu, salaam. Tuko watatu, tuna boti ya faiba ya mita 5, wazi, haina kibanda, na mashine ya nguvu za farasi 15 ya kuchanganya oili. Tumezoea kutoka asubuhi na kurudi jioni. Kulala majini bado. Mpango ni kuanzia Nyamisati, kuingia na maji kwenye mito ya kaskazini ya delta, kutafuta kijito kisicho na kijiji wala dago (kambi) la wavuvi, kulala humo usiku mmoja na kurudi kesho yake.
Tunalenga Septemba, siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu), kwa hoja kwamba maji yakiwa mengi hatutakwama. Tumekosea wapi? Na tufunge kamba kwenye mikoko au tutie nanga?

#2 Chura Mkavu
Ngoja waje wenye mto wao. Mimi nimetandika mkeka, chai ipo.

#3 Mzee wa Pondo
Hoja ya bamvua umeigeuza chini juu, mkuu. Bamvua haileti maji mengi tu, inayaondoa mengi vilevile. Yakijaa sana yatapwa sana, na kijito ulichoingia kifua mbele saa kumi jioni, saa nne usiku ni tope tupu na boti imelala ubavu. Na bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote za mwaka. Yaani mmechagua mwezi wa hatari kwa sababu ya usalama.
Kuna jambo baya zaidi ya kulala ubavu. Ukipanda juu ya tope kwenye kilele cha bamvua, maji ya kesho hayafiki pale ulipokwama. Ya keshokutwa yatakuwa chini zaidi. Utasubiri karibu wiki mbili bamvua nyingine ije, na hiyo nyingine huenda ikawa ndogo kuliko ile iliyokupandisha, maana bamvua mbili za mwezi mmoja hazilingani. Ukikwama wakati maji yanaelekea kukua, umekwama kwa saa chache. Ukikwama yanaelekea kufa, itabidi kuita watu na majembe.
Nendeni na maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa havipishani sana.

#4 Nahodha wa Mkanda
Shikamoo Mzee. Nakuunga mkono nusu. Kwetu Lamu, kwenye Mkanda wa Manda, ule mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, vyombo vilikuwa vikisubiri maji yajae ndipo vipite, kwa hiyo somo la kukwama tunalijua. Lakini maji mafu kabisa yana ubaya wake. Kujaa kunakuwa kidogo, vijito vya pembeni havipati kina cha kuingilia, na mtu asiyeijua njia anabaki kwenye mto mkubwa ambako ndiko vyombo vinapita usiku. Kisha mkondo unakuwa mnyonge, hauwasaidii kwenda wala kurudi, petroli inakwenda.
Mimi ningewaambia wachague siku za katikati, maji yanapotoka bamvua kwenda kufa. Mwezi ishirini au ishirini na moja kwa hesabu ya mwandamo.

#5 Mzee wa Pondo
Marahaba. Mwezi 20 nakubali, mradi wasipande topeni yakiwa yamejaa, na wala si mbali na nilichosema. Tuwafanyie hesabu basi, maana "nendeni mwezi 20" bila saa ni kumpa mtu ufunguo bila mlango.
Pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Kila siku inachelewa dakika 50 hivi. Mwezi 20 kujaa kunasogea hadi karibu saa mbili, asubuhi na usiku, na kupwa karibu saa nane. Siku yenyewe mtazame jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, lakini picha ni hii:
Saa nane mchana maji yamepwa kabisa. Hapo ndipo mnaondoka Nyamisati, au nusu saa baadaye. Faida ni mbili. Mkondo unawasukuma kwenda ndani, na mafungu yote ya tope na mchanga yako wazi mnayaona kwa macho. Halafu mkigusa chini, maji yanapanda, dakika ishirini mnaelea tena. Anayeingia delta maji yamejaa anaona ziwa zuri tambarare na hajui chini kuna nini.
Saa kumi na moja jioni muwe mmeshatia nanga. Si kumi na mbili. Giza la mikoko huingia mapema kuliko la baharini.

#6 Kasia la Kibada
Asante Mzee, asante Nahodha. Tukitia nanga saa kumi na moja tutajuaje saa nane usiku tutabakiwa na maji kiasi gani?

#7 Mzee wa Pondo
Kanuni ya kumi na mbili. Gawanya tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.
Chukua tofauti ya mita 2. Yameanza kupanda saa nane, saa kumi na moja zimepita saa tatu, yamepanda mafungu 6, yaani mita 1. Umetupa bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina, ukapata mita 4. Saa mbili usiku utakuwa na 5. Saa nane usiku yatashuka hadi mita 1 chini ya ulipopima jioni, unabaki na 3. Boti yenu na mguu wa mashine inataka chini ya mita moja, kwa hiyo mmelala salama. Kama jioni umepima mita 1.5, utabaki na nusu mita na mguu wa mashine utakuwa topeni, hama sasa hivi ungali unaona.
Na msipime mahali pamoja tu. Zungukeni na boti duara lote ambalo kamba itaweza kuwafikisha, bildi mkononi. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, lenye alama za rangi kila nusu mita linatosha kwa kina hiki.

#8 Bundi wa Salale
Mzee, samahani, kanuni yako ni ya bahari wazi. Ndani ya delta maji hayapandi na kushuka kwa saa sita sita sawa. Yanajaa kwa haraka na kupwa kwa kujivuta, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo kupwa kunavyochukua muda mrefu. Saa nane usiku ya jedwali la Dar inaweza kuwa saa tisa na kitu huko kijitoni. Mita 3 zako zitakuwepo, ila mtu asiamke saa nane, aone kina kinatosha, akalala akidhani yamekwisha kushuka.

#9 Mzee wa Pondo
Sahihi kabisa. Ongezeni nusu mita ya tahadhari na msiamini saa, aminini pondo.

#10 Fundi Karakana
Naona watu wanaongelea mwezi na nyota, mashine hakuna anayeiuliza. Petroli: mashine ya 15 ya kuchanganya oili ikifunguliwa yote inakunywa lita 6 mpaka 8 kwa saa. Nusu mkono wa gesi, kama nusu ya hiyo. Kwa mpango wenu hesabuni saa tatu za kuendesha kwenda na kurudi pamoja na kupotea njia. Hiyo ni lita 20. Ongeza akiba iwe theluthi ya mzigo wote, beba 30. Theluthi ya akiba haiguswi kwenda kutembeza macho.
Mchanganyiko 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20. Changanyeni nchi kavu. Kwenye boti inayoyumba, usiku, kwa tochi mdomoni, mtu anamimina mara mbili au anasahau. Na iwe oili ya mashine za boti. Ya pikipiki imetengenezwa kwa ajili ya joto tofauti, inaacha masizi kwenye plagi.
Galoni mbili au tatu ndogo zinashinda moja kubwa. Moja ikiingia maji, hamjapoteza yote. Faneli yenye chujio ni lazima.

#11 Chura Mkavu
Wasisahau na pini za propela, ziko laini zinakatika ukigonga gogo. Wabebe kama tano.

#12 Fundi Karakana
#11, hizo ni za mashine ndogo, 2 na 3 na 5 za zamani. Mashine nyingi za 15 propela inakaa kwenye shafti yenye meno na ndani kuna bushi ya mpira. Ukigonga gogo bushi ndiyo inayoteleza. Dalili yake: mashine inanguruma, boti haiendi, ukipunguza gesi inaenda pole pole. Ukiona hivyo rudini kwa mwendo wa pole, usilazimishe. Cha kubeba ni propela ya akiba, nati yake, kotapini mbili, koleo na kipande cha mbao cha kuzuia propela isizunguke unapofungua.
Mengine: plagi mbili mpya za namba iliyo kwenye mwongozo wa mashine, spana ya plagi ya 21, kamba ya kuwashia ya akiba, na waya mwembamba wa kuzibulia tundu la maji ya kupozea. Hilo la mwisho ndilo linaloua mashine delta. Mkipita kwenye maji ya kina cha goti, tope linaingia kwenye chujio la mguu. Mashine ikiacha kukojoa, zima papo hapo. Dakika mbili zinatosha kuunguza impela ya mpira, na baada ya hapo hata maji safi hayatapanda.

#13 Binti Mlilana
Swali la mikoko halijajibiwa. Msifunge kamba kwenye mikoko kulala. Mkifunga fupi maji yamejaa, yakishuka boti inaning'inia kwa omo (mbele), tezi (nyuma) inazama, na tezi ndiyo yenye mashine na galoni. Mkifunga ndefu inaingia kati ya mizizi, maji yakipanda mizizi inabana ubavu na boti inashindwa kunyanyuka. Tena matawini kuna sisimizi, na kamba ni daraja.
Nanga iwe omoni. Mtu asije akawashauri nanga ya tezi eti msiyumbe. Tezi ni pana na imekatwa chini kwa ajili ya mashine. Mkondo wa kupwa ukiipiga kwa nyuma, maji yanaingia ndani kabla hamjavaa viatu.

#14 Nahodha wa Mkanda
Ahsante dada. Niongezee aina ya nanga. Ile ya makucha manne wanayopenda wavuvi ni ya mawe na matumbawe. Kwenye tope laini inakata kama uma kwenye uji. Chukueni yenye makucha mawili mapana bapa, kilo 5 hadi 7, mnyororo mita 3, kisha kamba ya nailoni ya milimita 10 au 12. Ile manila ya rangi ya kuelea iacheni nyumbani, mkondo ukigeuka inaelea hadi kwenye propela.
Urefu: kina cha maji yakijaa, ongeza kimo cha omo juu ya maji, zidisha kwa 5. Kwa hesabu ya Mzee ni mita 5 na nusu mara 5, karibu mita 27 na nusu. Bebeni 40.
Kuishika: tupa, acha boti irudi nyuma na mkondo, lipa kamba pole pole, kisha rudisha mashine nyuma kidogo kwa dakika moja. Tazama miti miwili iliyopangana ufukweni. Ikiachana, nanga inakokota.

#15 Bundi wa Salale
Mita 27 kwenye kijito chenye upana wa mita 30? Mkondo ukigeuka saa mbili usiku boti inazunguka na kuingia mikokoni.

#16 Nahodha wa Mkanda
Ndiyo maana kwenye kijito zinatumika nanga mbili, zote kamba zake omoni, moja juu ya mkondo moja chini. Boti inageukia mahali pamoja. Tatizo ni kamba kujisokota, asubuhi utafumbua. Kama mna nanga moja tu, laleni kwenye mkono mpana, pembeni, nje ya njia.

#17 Chura Mkavu
Vipi lile manowari la Mjerumani? Wasije wakapiga propela kwenye bomba lake usiku.

#18 Mwalimu wa Zamu
😂 #17, Königsberg si tishio la propela. Ilijificha delta mwaka 1914 baada ya kuizamisha manowari Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yake wakaing'oa wakaenda kupigana nayo bara. Mmoja uko Pretoria, mwingine Fort Jesus Mombasa ukiwa jirani na mzinga wa Pegasus. Chuma kilichobaki kilikatwa kikauzwa kama chakavu, mabaki yamemezwa na tope.
Ila kuna la kujifunza. Meli yenye urefu wa zaidi ya mita 100 ilijificha humo miezi na Waingereza wakihangaika kuitafuta kwa ndege. Ninyi na boti ya mita 5 mkipotea msitegemee kuonekana kwa bahati. Achieni mtu nchi kavu karatasi: mmetoka saa ngapi, mto gani, mnarudi saa ngapi, na saa ngapi akiona kimya apige 112. Simu ndani ya mikoko inashika hapa na kupotea pale.

#19 Kasia la Kibada
Nashukuru wote. Tumehamia mwezi 20 na nanga mbili. Swali jipya. Mvuvi mmoja Nyamisati ametuambia kuna sehemu huko ndani "maji yanakataa kupwa" usiku, na nyingine yanakauka wakati jedwali linasema yanajaa. Ni kweli au anatutisha?

#20 Bundi wa Salale
Kweli, na sababu ni umbali. Wimbi la kujaa linatoka baharini linasafiri ndani likisuguana na tope na mizizi. Mdomoni yameanza kupanda, ndani bado yanashuka. Ukiwa ndani unasema jedwali limekosea.

#21 Msoma Ramani
Umbali hauelezi sehemu zinazokauka. Tazameni picha za setilaiti. Mito mingi ya delta imeunganishwa na vijito vya kukata katikati, kijito kimoja kina mdomo pande zote mbili. Maji yanaingia huku na kule na kukutana katikati. Yanapokutana mkondo unakufa, tope linatua, pale ndipo pana kina kidogo kuliko kote. Mgeni anaona kijito kirefu, mdomoni mita 4, anasema kinazidi kuwa salama kadiri anavyoingia. Kumbe katikati ni kizingiti. Usilale karibu na maji yanapokutana, hata kama ndipo penye utulivu mzuri kuliko kote. Utulivu huo ndio unaolaza tope.

#22 Utete Damu
Mnasahau mto. Rufiji si bahari tu, juu kuna Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Na sasa kuna Bwawa la Nyerere lililoanza kujazwa Desemba 2022. Zamani kiangazi mto ulikuwa na mwendo wake unajulikana, sasa maji yanashuka kwa kadiri mitambo inavyozungushwa. Yakifunguliwa juu, maji ya kupwa huku chini yanakutana na mto unaoshuka. Hayo ndiyo "yanayokataa kupwa".

#23 Msoma Ramani
Utete, kutoka bwawani mpaka delta ni mbali mno. Ongezeko la saa chache linatandazwa njiani kwenye mafungu ya mchanga, likifika huku ni vidole. Mafuriko ya Aprili 2024 hayo ni mengine, hayo kila mtu aliyaona.

#24 Utete Damu
Vidole hivyo huku kwetu Utete ni shibiri nzima kwa mtu anayelala kwenye fungu la mchanga. Mtu akipiga hema kwenye fungu la mchanga, upande wa juu wa mto kutoka Daraja la Mkapa, vidole hivyo vinamkuta godoroni.

#25 Msoma Ramani
Hapo nakubali. Lakini wao wanalala botini, tena upande wa baharini wa daraja.

#26 Mzee wa Pondo
Mnabishana kama maji ya mto ni yale yale pande zote. Tangu mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yamehamia matawi ya kaskazini. Kusini kumebaki bahari zaidi kuliko mto. Huyu anayetoka Nyamisati yuko upande unaopokea mto, kwa hiyo Utete ana hoja hata kama ni ndogo. Na kwa sababu hiyo hiyo ramani za zamani zinadanganya kina cha matawi. Tawi lililokuwa kuu limejaa tope, lililokuwa kijito limepanuka.

#27 Nahodha wa Mkanda
Na upepo? Kusi likivuma siku tatu mfululizo linasukuma bahari kwenye midomo. Maji yanajaa kupita jedwali na yanachelewa kutoka. Septemba kusi limepungua lakini halijaisha.

#28 Chura Mkavu
Hadi sasa sababu ni umbali, kizingiti, bwawa na kusi. Bado majini wenyewe.

#29 Binti Mlilana
Majini waulize kijiji cha Jaja huko mbele, sisi tumalize orodha 😂. Mkuu Kasia, usalama wa usiku:
Taa. Boti nyingi za huko zinapita gizani zikifuata maji, si jua. Nyamisati ni njia ya Mafia. Wekeni taa nyeupe inayoonekana pande zote, juu ya kijiti, kimo cha mita moja na nusu, si tochi iliyolala sakafuni.

#30 Mwalimu wa Zamu
Watu watasema boti chini ya mita 7 haihitaji taa ikiwa imetia nanga. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano zinasema hivyo, ila kwa sharti kwamba haipo ndani wala karibu na mkondo mwembamba, njia ya vyombo au maegesho. Delta yote ni mkondo mwembamba. Washeni.

#31 Binti Mlilana
Asante Mwalimu. Pia nyavu. Wavuvi wa kambamiti na jarife wanatandaza usiku, na vijito vingine vimezungushiwa wando wa miti. Mkiona fito zimesimama mstari mdomoni mwa kijito, hicho kina mwenyewe, tafuteni kingine. Usiku msihame kwa mashine labda kuna hatari. Mkilazimika, pondo na makasia.

#32 Utete Damu
Mamba. Wapo mpaka kwenye maji ya chumvichumvi. Vyombo vya chakula visioshwe kwa mkono ubavuni, tumieni ndoo. Matumbo ya samaki yasitupwe pale mnapolala. Mguu usining'inie nje. Haja ndogo na kubwa ni ndoo yenye kifuniko, si kuchuchumaa tezini gizani.
Kiboko anapatikana zaidi juu, kwenye maji matamu. Mkiona njia pana iliyolainishwa kwenye ukingo wa majani, msitie nanga mbele yake. Usiku anapanda kula, alfajiri anarudi kwa njia hiyo hiyo, na kumfungia njia ya kurudi majini ndiko kunakomkasirisha. Mchana yeye hukaa kwenye kina, kwa hiyo ukimkuta mbele pita upande wa maji madogo huku ukigonga ubavu wa boti asikie.

#33 Kasia la Kibada
Na kulala kwenyewe? Boti haina paa.

#34 Binti Mlilana
Mbao tatu juu ya viti, godoro jembamba, juu yake fito tatu za mianzi zilizopindwa kutoka ubavu mpaka ubavu. Chandarua chenye dawa kinakaa ndani ya fito, turubai juu. Chandarua kisiguse mwili, kikigusa mbu anang'ata kwa nje. Kiingizwe chini ya godoro kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usubi ni mdogo, matundu ya chandarua cha kawaida anapita, kwa hiyo nguo za mikono mirefu, soksi, na dawa ya kupaka. Upepo ndio dawa yake ya kweli. Ukipata mkono mpana unaopitisha hewa utalala, ukijibana kijitoni utajikuna.
Jiko la mkaa lisiingizwe chini ya turubai hata kidogo, moshi wake usioonekana unaua watu waliolala. Pikeni kabla ya kutandika, galoni za petroli zikiwa upande wa pili, kisha jiko lizimwe kwa maji. Bora zaidi mbebe chakula kilichoiva.

#35 Chura Mkavu
Chakula kilichoiva = pilau. Hapo tu ndipo nimeelewa uzi.

#36 Binti Mlilana
Pilau ya asubuhi ukaila usiku kwenye joto la Rufiji, ile ndoo yenye kifuniko itajaa mapema. Mihogo ya kuchemsha, mayai, mkate, tende. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, bebeni ya siku mbili na siyo moja: watu watatu, lita 30. Ya mtoni yanaonekana safi juu na chini yana chumvi.

#37 Mwalimu wa Zamu
Na karatasi. Boti isajiliwe na ikaguliwe TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli), laifu jaketi kwa kila kichwa na zivaliwe usiku wakati wowote mtu yuko nje ya chandarua. Mikoko ni hifadhi chini ya TFS (wakala wa misitu), msikate hata fito moja. Ile mianzi mje nayo. Pigeni hodi kwa mtendaji wa kijiji na BMU (kamati ya wavuvi ya kulinda rasilimali) ya eneo, watu watatu wageni wamejificha kijitoni usiku bila taarifa wanaonekana wavuvi haramu. Na kikao hicho cha hodi ndicho kitawapa kijito kizuri kuliko uzi huu wote.

#38 Bundi wa Salale
Turudi kwenye kupwa, maana bado hatujaelewana na nina njia. Kasia, mkifika chomekeni fito yenye alama za sentimita 10 karibu na boti. Kila nusu saa mmoja aandike kimo na saa mpaka asubuhi. Tukilinganisha na jedwali la Dar tutajua kama ni umbali. Kuchelewa kukiwa sawa kwa kujaa na kupwa, ni umbali tu. Kupwa kukichelewa zaidi, huenda mto nao unahusika.

#39 Msoma Ramani
Usiku mmoja hautenganishi mto na kizingiti, vyote viwili vinachelewesha kupwa. Labda waweke fito mbili, moja kila upande wa maji yanapokutana.

#40 Utete Damu
Na mmoja apige simu bwawani aulize mitambo mingapi inazunguka.

#41 Nahodha wa Mkanda
Na waandike upepo.

#42 Kasia la Kibada
Wakuu, tulikuwa tunakwenda kulala.

#43 Mzee wa Pondo
Halafu hiyo fito mnaichomeka kwenye tope gani? Tope la delta halina chini. Itakuwa inazama yenyewe taratibu usiku kucha, na asubuhi Utete atasema bwawa limefunguliwa. Ifungeni kwenye mti uliosimama.

#44 Binti Mlilana
Mti upi Mzee, na tumeshasema kamba kwenye mikoko hapana?

#45 Mzee wa Pondo
Fito, binti. Siyo boti.